Mihrabu ya Kizimkazi na Mkono wa Fundi

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, hauna ukubwa wa kumstaajabisha mpita njia. Fahari yake imo ndani, katika ukuta wa kaskazini penye mihrabu.

Mihrabu ni kidaka kionyeshacho kibla. Na kwa watu wa pwani yetu, Makka iko kaskazini. Tena, imamu asalipo huwapa maamuma mgongo, na ule mviringo huipokea sauti yake ukairudisha kwenye safu. Hivyo uzuri wa mihrabu umejengwa juu ya manufaa.

Ukutani hapo yamechongwa maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Msikiti wenyewe ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi hayo yalihifadhiwa. Wataalamu wameyalinganisha na yale ya Siraf, mji wa kale wa pwani ya Uajemi. Basi wako wasemao kwamba sanaa hii ni ya kigeni tu.

Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Mtindo wa mwandiko ulisafiri, bali jiwe ni la hapa. Ni tumbawe, litolewalo baharini likingali bichi na laini, likachongwa upesi, kwani likikauka huwa gumu. Kazi hiyo humtaka fundi aijue bahari kama aujuavyo mwandiko. Washairi wetu nao waliipokea hati ya Kiarabu wakaandikia tenzi za Kiswahili. Wala hakuna anenaye kuwa tenzi hizo si zetu.

Sifa kuu ya kazi hii ni kiasi. Nakshi imekusanywa mahali pamoja, na kuta nyingine zimeachwa tupu, ili jicho lisitangetange.

Lakini liko jambo la kusikitisha. Maandishi yamemtaja Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan, aliyeamuru ujenzi, mchongaji hakutajwa. Na chokaa ikipakwa ovyo juu ya nakshi kama hizi, mistari hujaa, na hata alama ya mkono wake hupotea. Kwa hiyo yapasa mwalimu awapelekapo wanafunzi penye magofu au msikiti wa kale, asiwakaririshe majina ya masultani peke yake. Awafundishe pia kulitazama jiwe, na kuuliza lilikatwaje, na kwa ujuzi gani.