Talaka ya Dini Mbele ya Mahakama
Kifungu cha 107(3) cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 chaitaka mahakama itoe talaka iwapo Baraza limeshindwa kuwapatanisha wanandoa wa Kiislamu, na mmoja wao ametenda jambo livunjalo ndoa kwa sheria ya dini yao. Twasifu heshima hii kwa imani. Upungufu wake ni kwamba tamko la mume lamwondolea hakimu hiari. Hata hivyo, mali hugawanywa na mahakama. Na katika shauri la Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango wa mke. Basi dini ishuhudie kuvunjika kwa ndoa. Haki ya aliyeachwa iamuliwe na mahakama. Luther aliiona ndoa kuwa jambo la kidunia. Nasi Walutheri tusidai zaidi.