‘Imekataa’ si ripoti: Sarufi ya kueleza hitilafu

PROGRAMU ya simu au kompyuta ikiharibika, wengi wetu tuna neno moja tu: imekataa. Katika saiba za hapa Komarock ninakoishi, utalisikia kwa mzee anayejaza fomu za ushuru na kwa mwanafunzi anayeomba mkopo. Mhudumu mwerevu huuliza, “Imekataa aje, mama?” Swali hilo ndilo kiini cha miongozo yote ya kuripoti hitilafu.

Miongozo yenyewe ipo. Anza ndani ya programu: fungua mipangilio, kisha utafute sehemu ya msaada. Ukiikosa, nenda kwenye ukurasa wa programu hiyo katika duka la programu, utafute anwani ya msanidi wake. Kwa programu huria kama Firefox, Mozilla hupokea ripoti kupitia Bugzilla, mfumo ulioanza mwaka wa 1998. Simon Tatham, mwasisi wa PuTTY, naye aliandika mwongozo mashuhuri mwaka wa 1999. Anashauri utaje ulichofanya na ulichokiona, usitaje tu unachokidhania.

Ushauri ni mzuri, ila una kasoro mbili unapomfikia Mswahili. Ya kwanza ni istilahi. ‘Kusanidi’ hutumika pia kwa maana ya kuweka mipangilio, kwa hivyo anayetafuta pa kulalamikia huenda asitambue kwamba ‘msanidi’ ndiye anayemtafuta. ‘Hitilafu’ nalo limechoshwa na runinga zetu: “hitilafu za kimitambo” ni kauli ya kuomba radhi bila kueleza lolote. Hata hivyo, nalipendelea kuliko ‘mdudu’, tafsiri sisisi ambayo huku mtaani itamkumbusha mtu kunguni.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Tunatafsiri maneno ya miongozo na kusahau sarufi yetu. Linganisha: “Nilipobonyeza ‘Tuma’, ilijifunga” na “Nikibonyeza ‘Tuma’, hujifunga.” Ya kwanza ilitokea mara moja, ya pili hutokea kila mara, na fundi anaweza kuirudia aione kwa macho yake. Hata “inajifunganga” ya mtaani, ambayo mwalimu angeitia kalamu nyekundu, inampa fundi habari hiyo hiyo.

Tazama pia -ka-: “Nilifungua programu, nikaandika nambari, nikabonyeza ‘Tuma’, ikajifunga.” Hatua zimepangika zenyewe. Halafu “haifunguki”, “inafunguka polepole” na “imefunguka ikaganda” ni maradhi matatu tofauti. “Imekataa” huyafunika yote, na mama anarudi nyumbani bila huduma.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi wanaotuundia programu za kulipia kodi na kuomba vyeti watuwekee mwongozo wa Kiswahili wenye mifano ya aina hii, tena pale pale panapotokea hitilafu. Asiyejua Kiingereza hulipa ushuru ule ule.

Nawe msomaji, unaporipoti, taja aina ya simu, toleo la programu na hatua ulizofuata. Ambatisha picha ya skrini, ila nambari ya siri ibaki kuwa siri yako.