Makarani wa Benki Iliyofilisika

Mmarekani mweusi anayefuatilia mababu zake waliokuwa watumwa hukwama mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza ya nchi nzima kuwaandika kwa majina. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 utamkuta bwana kwa jina lake kamili, na chini yake mistari tu: mwanamke, miaka 30, mweusi, mtoto wa kiume, miaka 4.

Ndiyo maana nawavulia kofia makarani wa Freedman's Savings Bank, benki ya watumwa walioachwa huru iliyoanzishwa 1865. Wateja wengi hawakujua kutia sahihi, hivyo ili asije mwingine kuchukua fedha zao, karani alihoji. Baba yako nani? Mama yu hai? Ndugu zako wako wapi? Bwana wako wa zamani? Si kila fomu ilijazwa yote, lakini iliyojazwa vizuri ni ukoo mzima, pamoja na waliouzwa mbali. Na haya yote kwa tahadhari ya kibenki tu! Viongozi wa benki sina neno jema kwao: ilianguka 1874 na maskini wengi wakapoteza akiba zao.

Pongezi nyingine ziwaendee wafungwa wa gereza la jimbo la Utah. Kwa miaka 11, kwa kujitolea, walisoma miandiko ile ya makarani na kuziunganisha familia. Mwaka 2001 majina yapatayo 480,000 yakatolewa kwa umma. Mtafutaji sasa huingiza jina moja, akampata mtu huyo na wazazi wake, nduguze na wanawe.