Pembetatu Ndani ya Mraba

Swali lenyewe ni fupi. Pembetatu ina ncha zake kwenye nukta A (1, 2), B (7, 4) na C (3, 8). Tafuta eneo lake.

Nimelitunga kwa mtindo wa GRE, mtihani wa taasisi ya ETS ambao vyuo vingi vya Marekani vimezoea kuutumia kupima waombaji wa shahada ya uzamili na uzamivu. Tangu Septemba 2023 mtihani huo umefupishwa, na upande wa hesabu umebaki na maswali 27 katika mafungu mawili: 12 kwa dakika 21, halafu 15 kwa dakika 26. Ukigawanya, kila swali linapata dakika moja na kama sekunde 45. Muda huo ndio unaofanya swali la kidato cha nne liwe gumu kwa mtu mwenye digrii.

Nimeona watu wakilishughulikia, na wengi huanzia pale pale. Wanatafuta urefu wa AB na kupata kipeuo cha pili cha 40. BC inatoa kipeuo cha pili cha 32, na CA inarudi kwenye 40. Dakika inakaribia kuisha na mkononi wana vipeuo vitatu vya kuhangaika navyo. Anayeikumbuka kanuni ya Heron huimiminia vipeuo hivyo vyote, na akishazama humo hatoki mapema.

Sasa acha kanuni, shika kalamu. Zungushia pembetatu hiyo mraba ambao pande zake zinalala sambamba na mihimili: kutoka 1 hadi 7 kwa mlalo, kutoka 2 hadi 8 kwa wima. Mraba huo ni 6 kwa 6, eneo lake 36. Ndani yake, nje ya pembetatu yetu, zimebaki pembetatu tatu za pembeni, na kila moja ina pembe mraba. Ya chini ina pande 6 na 2, kwa hiyo eneo ni 6. Ya juu kulia ina 4 na 4, eneo 8. Ya kushoto ina 2 na 6, eneo 6. Jumla ni 20. Toa 20 kwenye 36, jibu ni 16. Hakuna kipeuo hata kimoja kilichoguswa, na kwa mkono uliozoea kazi yote haimalizi sekunde 40.

Kwa nini basi mtu aliyefaulu hesabu hakimbilii mraba huo? Nadhani ni kwa sababu ya namna tulivyosahihishwa. Mtihani wetu wa kidato cha nne unataka kila hatua ionekane, na mwalimu hutoa alama kwa njia hata pale jibu lilipopotoka. Mwanafunzi anajifunza kwamba kuandika kanuni ni kujiwekea akiba. GRE haina akiba hiyo. Karatasi yako ya kukokotolea haisomwi na mtu. Kinachohesabiwa ni jibu ulilolichagua au kuliandika kwenye skrini. Jibu baya nalo halipunguzi alama, kwa hiyo swali lililokushinda lisiachwe wazi.

Nikiri jambo moja kwa haki. Aliyetafuta urefu wa pande tatu angeweza kuokoka kama angetulia kidogo. AB na CA ni sawa, maana yake pembetatu ina pande mbili sawa, na urefu wa wima kutoka A hadi BC unakuwa kipeuo cha pili cha 40 toa 8, yaani cha 32. Kitako na urefu vyote ni kipeuo cha pili cha 32, nusu ya zao lao ni 16. Njia nzuri kabisa, ila inategemea bahati ya namba nilizochagua. Mraba hautegemei bahati.

Kuna kanuni ya mtihani ambayo watahiniwa wengi huisoma mara moja na kuisahau. Michoro ya kawaida ya jiometri kwenye GRE si lazima iwe imechorwa kwa vipimo sahihi. Pembe inayoonekana kubwa yaweza kuwa ndogo. Lakini mchoro ulio juu ya mihimili ya x na y huchorwa kwa vipimo, na ETS wenyewe wanaruhusu uusome kwa macho. Ukiona mstari unashuka kutoka kushoto kwenda kulia, mwinamo wake ni hasi, na majibu yote chanya yafute papo hapo. (Shuleni mwinamo tuliujua kama gradienti. Mtihani wa Wamarekani unauita kwa neno jingine, jambo ni lile lile.)

Macho yanasaidia zaidi kwenye maswali ya kulinganisha, yale yanayokupa kiasi cha kwanza na kiasi cha pili, ukaamua kipi kikubwa, au viko sawa, au haiwezekani kujua. Chukua hili: mstari wenye mwinamo hasi unapita kwenye nukta (3, 2). Kiasi cha kwanza ni mahali unapokata mhimili wa x, cha pili ni mahali unapokata mhimili wa y. Nilipokutana na swali la namna hii mara ya kwanza, nilichukua mwinamo wa −1, nikapata 5 na 5, nikajibu kwa furaha kwamba viko sawa. Nilikosa.

Fikiria rula iliyochomwa pini kwenye nukta (3, 2). Izungushe isimame zaidi, mwinamo uwe −2: inakata x kwenye 4 na y kwenye 8. Ilaze, mwinamo uwe −1/2: inakata x kwenye 7 na y kwenye 3.5. Ukubwa umehama upande. Haiwezekani kujua, na ndilo jibu. Katika maswali haya, namba moja iliyokupa usawa mzuri ni ya kutiliwa shaka kabla ya kuaminiwa.

Duara nalo lina mtego wake. Kitovu O kiko (0, 0), nusu kipenyo ni 5. Ni nukta ngapi kwenye mzingo zenye x na y ambazo zote ni namba kamili? Anayekumbuka pembetatu ya 3, 4 na 5 atasema 4, moja kwa kila robo. Anayekumbuka kwamba 3 na 4 zinaweza kubadilishana nafasi atasema 8. Zimebaki nne zilizokaa juu ya mihimili yenyewe, kama (5, 0). Jibu ni 12.

Sasa nukta P ni (3, 4) juu ya duara hilo, na Q iko kwenye robo ya pili kiasi kwamba OP na OQ zinafanya pembe mraba. Q iko wapi? Unaweza kuandika mlinganyo wa mstari, uuingize kwenye ule wa duara, na utafika. Au uangalie tu: kuifikia P ulikwenda 3 kulia na 4 juu. Geuza safari hiyo robo mzunguko kwa kushoto. Kulia kunakuwa juu, juu kunakuwa kushoto. Q ni (−4, 3).

Mchoro wa mkono una mipaka yake, na asiyeijua utamponza. Je, nukta (1, 1), (4, 3) na (13, 10) ziko kwenye mstari mmoja? Kwenye karatasi isiyo na miraba zitaonekana ziko. Mwinamo wa mbili za kwanza ni 2/3, yaani 6/9. Kutoka ya pili hadi ya tatu ni 7/9. Haziko. Mchoro wa haraka unakuonyesha robo, alama chanya au hasi, na umbo. Tofauti ndogo ya namba usiuulize.

Wewe unayejiandaa, jaribu hili bila kikokotoo na bila kanuni yoyote: eneo la pembetatu yenye ncha (0, 0), (5, 1) na (2, 6). Jipe dakika moja. Jibu ni 14.