Viwanda 5.0: Nani Ana Ruhusa ya Kusimamisha Mashine?

Hebu jione uko kiwandani, gari linapita mbele yako na mkono wa roboti unakupa boliti. Unaona moja haikukaa sawa. Je, unasimamisha kazi wewe mwenyewe, au unasubiri ruhusa? Lishike swali hilo, tutalirudia.

Januari 2021 Tume ya Ulaya ilitoa waraka kuhusu Viwanda 5.0, wenye nguzo tatu: kumweka binadamu katikati, kutunza mazingira, na kustahimili misukosuko. Kwa kweli una jambo zuri. Viwanda 4.0, jina lililotangazwa Hannover, Ujerumani, mwaka 2011, vilizungumzia zaidi mashine zinazopeana data. Waraka huu unaligeuza swali: mashine ndiyo imfuate mfanyakazi, si mfanyakazi aifuate mashine.

Sasa tupekue. Waraka unasema mfanyakazi asionekane kama gharama, bali kama uwekezaji. Maneno matamu, ila uwekezaji una mwenyewe, na mwenyewe ndiye huamua. Hata roboti ni uwekezaji! Kumthamini mtu ni jambo moja, kumpa sauti ni jambo jingine.

Chukua koboti, yaani roboti zinazofanya kazi bega kwa bega na watu bila uzio. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwongozo wa ISO/TS 15066, unaoeleza roboti ikikugusa isizidishe nguvu kiasi gani, kwa kila sehemu ya mwili. Ni kazi muhimu, inaokoa vidole. Lakini mwongozo huo unahusu usalama wa mwili. Haugusi nani anapanga kasi ya kazi.

Linganisha na Toyota. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma uliojisimamisha wenyewe uzi ukikatika, ili nguo mbovu isiendelee kufumwa. Wazo hilo likahamia kwenye magari: mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba ya andon, kiongozi wake anakuja, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, kazi yote inasimama. Kasoro ikinaswa mapema, chuma na umeme havipotei bure. Kumbe sauti ya mfanyakazi na utunzaji wa mazingira vinaweza kuvutwa kwa kamba moja!

Tusiipambe Toyota kupita kiasi, lakini. Mtambo uleule ulimwezesha mtu mmoja kusimamia mitambo mingi, maana yake watu wachache zaidi kwa kazi ileile. Hapo kamba haisaidii, panahitajika mazungumzo kabla mashine haijanunuliwa.

Kwa hiyo, ukisikia kiwanda kinajisifu kuwa "kinamjali binadamu", usihesabu roboti zake. Uliza tu: kamba iko wapi, na aliyeivuta jana leo bado ana kazi?