Stoo ya Peugeot 504

Peugeot 504 iliingia sokoni mwaka 1968, mwaka uliofuata ikatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya, na kufikia 1983 Ufaransa ikaacha kuunda saluni yake. Kenya haikuwa na haraka hiyo. Mombasa waliendelea kuiunganisha, na stesheni wagoni yake ya safu tatu za viti ikasomba abiria wa masafa marefu miaka nenda miaka rudi. Sifa wamepewa madereva, mafundi, na Ove Andersson aliyeshinda nayo Safari Rally mwaka 1975.

Mtunza stoo hatajwi.

Naye ndiye aliyeamua, kiwanda kilipotangaza oda ya mwisho, pampu ngapi za maji zinunuliwe. Akiagiza chache, zitakwisha magari yakiwa bado barabarani; akiagiza nyingi, fedha za tajiri zitalala rafuni. Leja haimsaidii sana, maana inaeleza yaliyopita tu. Gari likizeeka huharibika mara kwa mara na mauzo ya spea hupanda. Kisha magari yenyewe huanza kufa, na mauzo huporomoka. Mtunza stoo hodari huhesabu magari yanayopita nje kabla ya kufungua leja.

Hujua pia undugu wa vyuma. Peugeot 505, iliyotoka 1979, ilirithi injini ya lita mbili ya 504, kwa hiyo spea nyingi za injini hiyo huingiliana. Muuzaji anayesoma namba za maboksi tu atamwambia mteja hakuna, na kumbe ipo rafu ya pili.

Halafu kuna mpira, adui wa kila stoo. Beringi iliyopakwa grisi na kufungwa vizuri inaweza kungoja miaka. Oili sili hukakamaa ikiwa mpya, haijawahi kuonja injini. Inataka giza na ubaridi, na iliyotangulia kuingia ndiyo itangulie kutoka.

Wala uhaba wa spea si shida ya wenye magari makuukuu peke yao. Mwaka 2002 NASA ilikuwa ikisaka mtandaoni chipu za Intel 8086, za mwaka 1978, kwa mitambo yake ya kupimia roketi!

Viwanda vikishafunga mlango, mgodi unaobaki ni magari yaliyokufa. Basi mwenye 504 iliyoota nyasi uani asiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kumwita mtunza stoo aipekue.