Uso Umechorwa, Mikono Iko Wapi?

Ukipita kwa wachoraji wa picha za kuagiza siku hizi, utaona nyuso tu. Mteja anatoa simu, mchoraji anaikuza picha, penseli inashuka kutoka kwenye paji la uso hadi mabegani, hapo inakoma. Ikibidi mwili wote uchorwe, mikono inatiwa mifukoni au kufichwa nyuma ya mgongo. Kila aliyewahi kushika penseli anajua sababu: mkono ni mgumu. Kidole kikienda kombo kidogo, hata mtoto ataona.

Lakini ukiuacha mkono, umemwacha mtu nusu. Uso hufundishwa adabu tangu utotoni. Huzuia kilio, hutabasamu mbele ya wageni. Mkono haujui kujizuia hivyo. Aliyelima maisha yake yote na aliyefua nguo za watu watajulikana kwa viganja vyao kabla hawajatamka neno.

Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer aliuheshimu mkono. Mwaka 1508, akitayarisha picha ya madhabahu aliyoagizwa na Jakob Heller, mfanyabiashara wa Frankfurt, alichukua brashi na karatasi ya buluu, akachora mikono miwili inayosali. Ilikuwa maandalizi ya mtume mmoja tu. Viganja havikubanana, vidole vyembamba vinagusana kwa unyenyekevu, na mishipa inaonekana chini ya ngozi. Sehemu ya kati ya madhabahu ile, kazi ya Dürer mwenyewe, iliteketea kwa moto mwaka 1729. Karatasi ya maandalizi ingali katika jumba la Albertina, Vienna, na ndiyo inayojulikana duniani kote.

Hata hivyo, mkono unaonikaa moyoni ni ule uliochorwa na msanii Käthe Kollwitz. Mwaka 1907, katika mfululizo wake kuhusu vita vya wakulima wa Ujerumani vya karne ya 16, alichora uwanja wa mapigano usiku. Giza limemeza karibu kila kitu. Mama ameinama katikati ya maiti, anamtafuta mwanawe. Uso wake mwenyewe umepotea gizani. Mwanga wa taa umeangukia uso wa kijana aliyekufa, na mkono wa mama ulio kidevuni pake. Ni mkono mkubwa, wa kazi, wenye vifundo vilivyovimba. Haupigi kifua, haukuinuliwa kuomboleza. Unakigusa kidevu kile jinsi mama anavyomwinua mtoto uso ili amtazame vizuri. Miaka saba baadaye, Peter, mwana wa Kollwitz, aliuawa vitani Ubelgiji.

Kollwitz hakuokota mkono ule njiani. Mumewe alikuwa daktari katika mtaa wa wafanyakazi wa Berlin, na Kollwitz aliwatazama kwa miaka mingi wanawake waliokuja kutibiwa, akaijua mikono yao. Kutazama kwa namna hiyo ndiko tunakokupoteza. Tunataka picha iishe kabla ya jioni, na sasa mashine inatutolea mikono laini ambayo haijawahi kubeba chochote. Wakati huohuo wazee wetu wanachorwa kutoka picha ya pasipoti. Wakishaondoka, wajukuu watabaki na sura ya bibi ukutani, wala hakuna atakayewaonyesha vidole vilivyosuka ukili, vikapalilia shamba, vikawalea baba zao.